Mama Taipu na Hotspoti Iliyogoma

Mama mkwe wangu hawezi kuacha kitu wazi. Sufuria ina mfuniko wake, ndoo ina mfuniko wake, na ukisoma gazeti ukaliacha limefunguka mezani, ukirudi utalikuta limekunjwa na kuwekewa kitu kizito juu. Mimi ni msusi, nimezoea vitu vilivyotapakaa: vitana huku, nyuzi kule, mteja katikati. Nilipoolewa na kuja kuishi naye nyumba moja, nilijiambia kwamba mwaka hautaisha kabla sijakusanya virago vyangu. Nimebaki. Lakini sitawadanganya kwamba hatujawahi kununiana kwa ajili ya mifuniko.

Mtaani wanamwita Mama Taipu. Meza yake iko sebuleni chini ya dirisha, na juu yake kuna kompyuta, printa, na kikopo cha kalamu ambazo hamruhusu mtu kuzigusa hata kama anataka kuandika wosia. Watu humletea barua za maombi ya kazi, ratiba za mazishi, taarifa za vikao, na yeye huchapa huku anatazama nje. Alianza kazi zama za mashine za chuma, kwa hiyo hadi leo anavipiga vitufe vya kompyuta kama anapigilia misumari. Herufi A imefutika kabisa. Na pamoja na kelele zote hizo za vidole, mwenyewe anaongea kwa sauti ndogo mno. Mteja akitaka kusikia bei, inabidi ainame.

Sauti kubwa ya familia aliichukua dada yake. Huyo ndiye Mama Mkubwa. Yeye na Mama Taipu walifanya kazi stesheni moja ya treni tangu usichana wao hadi walipostaafu. Mama Taipu alikuwa ofisi ya chini, akichapa karatasi ya siku: treni ipi inaingia, jukwaa lipi, ipi imechelewa na kwa muda gani. Mama Mkubwa alikuwa juu, kwenye kachumba chenye kioo, akiisoma karatasi hiyo kwenye kipaza sauti. Abiria walimpa jina la Sauti, na jina likamganda. Mume wangu anasema alipokuwa mdogo walikuwa wakienda naye sokoni, basi Mama Mkubwa akiuliza tu bei ya nyanya, mtu asiyemjua aliye meza ya pili anashtuka na kushika begi lake, akidhani treni inaingia.

Kuna kisa Mama Taipu hachoki kukisimulia. Siku moja alichapa jukwaa la pili mahali pa jukwaa la tatu. Dada yake huko juu akaliona kosa, akasoma la tatu bila kusita, abiria wakaenda walikotakiwa kwenda. Mchana akashuka na ile karatasi, akamwekea mdogo wake mezani, akaweka ukucha chini ya neno lenye kosa, akaukandamiza hadi ukaacha alama. Hakusema neno, wala mkuu wa stesheni hakuambiwa. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi yao. Kosa likitokea, juu linasomwa sahihi, na karatasi inarudi chini ikiwa na alama ya ukucha.

"Mkuu wa stesheni alistaafu akijua mimi sikosei," Mama Taipu huniambia, kisha anacheka mpaka anajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Mwaka huu koo la Mama Mkubwa lilianza kukwaruza. Anaishi mbali, nchi nyingine, kwa binti yake wa pekee. Mwanzoni walisema mafua, wakasema baridi, wakasema uzee, hadi daktari mmoja alipoingiza kikamera na kuona uvimbe. Ukaja uamuzi ambao sisi huku tuliusoma kwenye simu tukiwa tumesimama: kile kiungo cha kooni kinachotoa sauti kitaondolewa chote. Atapumua kwa tundu la shingoni, atakula, Mungu akipenda ataishi miaka mingi. Sauti ndiyo haitarudi.

Upasuaji ulipangwa siku ya Jumatano mchana. Kufikia siku hiyo sauti yenyewe ilikuwa imebaki mnong'ono. Jumanne jioni binti yake alituma ujumbe: "Mama anataka kuongea na Mama Mdogo kesho kabla hawajamchukua. Tangu asubuhi hasemi na mtu. Nikimuuliza kitu ananionyesha kwa mkono. Anasema anamtunzia mdogo wake."

Nilimsomea Mama Taipu ujumbe huo. Akaitikia "haya," akaenda jikoni, na jioni nzima akasafisha. Ndivyo alivyo. Mwenzake akihuzunika hulia, yeye hushika kitambaa. Alifuta makabati, akafuta fremu za picha, akafuta meza yake na kila kilichokuwa juu yake, akaifunika kompyuta kwa kile kitambaa chake cheupe chenye maua pembeni, akaenda kulala bila kula. Nami nikamwachia. Kuna siku hata mimi najua kunyamaza.

Sasa inabidi niwaeleze kidogo kuhusu nyumba yetu, maana bila hivyo mtajiuliza kwa nini watu wazima walihangaika namna ile. Tunakaa chini kwenye jengo la zamani lenye kuta nene. Mtandao wa simu unaishia mlangoni. Ukivuka kizingiti kuingia ndani, simu inakuwa tochi. Mwenye nyumba, anayekaa juu yetu, ana intaneti, na kwa wema wake alitushushia waya mmoja kupitia dirishani hadi kwenye kompyuta ya Mama Taipu. Simu zetu hazina pa kuchomeka waya. Kwa hiyo kompyuta ndiyo inayopokea intaneti kwa waya na kutugawia sisi kwa hewa, ile tunayoiita hotspoti. Ikiwaka, nyumba nzima inaongea na dunia. Ikizimwa, tunarudi zama za kutuma mtu.

Jumatano niliomba ruhusa saluni. Mama Taipu alikuwa ameshaoga na kuvaa gauni lake la vikao, kama anayetarajia mgeni. Simu yake aliiweka kitandani chumbani kwake, juu ya mto, kwa kuwa huko ndiko kuliko na utulivu kuliko pengine pote. Akaondoa kile kitambaa kwenye kompyuta, akakikunja, akakitia kwenye droo. Akaiwasha. Waya ukafanya kazi, barua pepe za wateja zikaingia. Akabonyeza hotspoti.

Haikuwaka. Kompyuta ikaandika kwamba haiwezi kuanzisha hotspoti, hakikisha waifai imewashwa.

"Jaribu tena, Mama," nikasema.

Akajaribu. Ikaandika vilevile.

Nikamwomba kiti. Mimi sina subira na kitu kinachozungusha kiduara kwenye kioo huku kikijifanya kinafikiri, lakini mambo haya ya kompyuta ndani ya nyumba ni mimi na mume wangu tunayajua kidogo, na mume wangu alikuwa kazini. Nikaizima yote, nikaiwasha upya. Kiduara, kiduara, kiduara. Ikarudi, nikabonyeza hotspoti, ikagoma. Nikatazama kama mtu ameiweka ile hali ya ndegeni, inayokata mawasiliano yote. Haikuwekwa. Nikaenda kwenye kitufe cha waifai chenyewe, kimezimwa. Nikakiwasha. Kikakubali kuwaka, kisha mbele ya macho yangu kikarudi kulala.

"Unaona?" nikamwambia Mama. "Kinanicheka."

"Hakikucheki. Soma kilichoandikwa pale chini."

"Kimeandikwa waifai imezimwa. Najua imezimwa! Ndiyo ninayoiwasha!"

"Soma polepole, mwanangu. Wewe unasoma unachokijua." Alisema kwa ile sauti yake ya chini, amesimama nyuma yangu, mikono ameifumbata. Hakuwa na hasira hata kidogo. Ningefurahi kama angekuwa nayo, tugombane wawili.

Nikahitimisha kwamba ni mume wangu. Mtu akiharibu kitu na hayupo, kesi yake haina utetezi. Jioni iliyotangulia alikuwa amekaa kwenye kompyuta hiyo akitafuta matokeo ya mpira. Nikachukua simu yangu, nikatoka hadi barabarani penye mtandao, nikampigia.

"Umeifanya nini kompyuta ya Mama?"

"Salama, mke wangu? Mimi mzima."

"Usiniletee salamu! Waifai imekufa, na Mama Mkubwa anasubiri."

Kwanza alicheka. Ana dada watatu, kwa hiyo utani wa waifai na mawifi nimeshausikia wote na siurudii hapa. Kisha akakumbuka ni siku gani, akaacha kucheka. "Naapa sijagusa kitu. Nilitazama matokeo, nikainuka. Mama ndiye aliyeifunga." Nikamwambia tutaonana jioni, kwa namna ambayo mume yeyote anaielewa, nikakata.

Nikiwa pale pale barabarani ukaingia ujumbe kutoka kwa binti wa Mama Mkubwa. Mama yake ameshavalishwa nguo za chumba cha upasuaji. Kitanda cha kumchukua kinaweza kuja wakati wowote.

Nikakimbilia kwa mwenye nyumba. Nikagonga, nikagonga tena. Kufuli. Nikashuka, nikamwita Mama. "Njoo na simu yako, tutampigia huku huku nje." Akatoka na gauni lake la vikao, akasimama ukingoni mwa barabara.

Sasa huko nje, upande wa kushoto kuna gereji, na siku hiyo walikuwa wanasaga bodi la lori. Upande wa kulia kuna mtu anayeuza redio na hupenda wateja wajue zinafanya kazi. Tukapiga. Picha ikaja: Mama Mkubwa amelala, amevaa kofia ya kijani, amekonda, lakini macho ni yale yale. Akamwona mdogo wake, akatabasamu, midomo ikaanza kusogea.

Hatukusikia kitu. Mama Taipu akaibana simu sikioni, sikio jingine akaliziba kwa kiganja, akainama kama anayeogopa kupigwa. Mashine ya kusagia chuma ikalia. Nikawapigia kelele wale vijana wa gereji wanyamaze, na kelele zangu zikawa juu ya kelele zao. "Dada, sikusikii," alisema Mama. "Dada, rudia." Na kule dada akarudia. Niliona mishipa ya shingo ikisimama.

Simu ikachukuliwa na binti yake. "Mama Mdogo, basi. Anajikaza na sauti inakwisha. Akiongea tena hivi hatabaki na kitu. Tafuteni mahali penye utulivu, nawaomba." Akakata.

Mama Taipu akabaki ameshika simu sikioni. Mimi nikaanza kutafuta namba kwenye simu yangu.

Kwenye kona ya mtaa wetu kuna fundi kompyuta tunayemwita Daktari, kwa sababu ya koti jeupe analovaa ili vumbi la mashine lisimwingie nguoni. Nikampigia. Alikuwa na watu. Nikamweleza kwa haraka, maneno yakigongana.

"Tulia, dada," akasema. "Hiyo laptopu yenu ni ile nene ya zamani, nyeusi? Mbele ukingoni kuna vijitaa. Kimoja ni cha waifai, kina alama ya mnara. Kinawaka?"

"Sijui."

"Katazame. Kama hakiwaki, achana na mambo ya kwenye kioo. Shida haiko humo ndani. Ngoja nimalize na huyu mteja nije."

Kumngoja amalize hatukuweza. Tukarudi ndani. Nikapiga magoti mbele ya meza, macho usawa na ukingo wa kompyuta. Kijitaa cha umeme kinawaka. Kijitaa chenye mnara kimezimika.

"Hakiwaki, Mama. Anasema shida haiko humo ndani. Sasa iko wapi?"

Nikaanza kubonyeza vitufe vya juu kimoja kimoja. Mwanga wa kioo ukapungua, ukaongezeka, muziki ukalia kutoka sijui wapi, nikaukata. Kijitaa kimya. Nilikuwa karibu kuinyanyua kompyuta nzima na kuitikisa kama boksi la kiberiti. Ndipo nikakumbuka maneno ya mume wangu. Nikageuka.

"Mama, jana wewe ndiye uliyeifunga. Ulifungaje?"

"Kama siku zote."

"Nionyeshe."

Akanitazama kidogo, akavuta kiti, akakaa. Akakunja kifuniko cha kompyuta. Akachukua kitambaa cha kufutia vumbi, akaanza juu, kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu anayechapa mstari. Akafuta nyuma. Akafuta ubavu wa kushoto, akapita kwenye matundu yote. Alikuwa ananieleza huku anafuta: ofisini stesheni walifundishwa kabla ya kutoka upitishe mkono mashine nzima, na chochote kilicho wazi ukifunge, maana usiku vumbi la makaa linaingia. Akafika mbele. Kidole kikateleza ukingoni, chini kabisa, mahali ambapo mtu aliyekaa haoni.

Mkono ukasimama.

"Hapa," akasema.

"Hapa nini?"

"Hapa palikuwa na kitu kimebaki wazi. Kidogo hivi. Rangi ya kijani ilikuwa inaonekana. Nilidhani ni kifuniko cha tundu fulani." Sauti yake ikazidi kuwa ndogo. "Nikakifunga kwa ukucha."

Nikainama, nikatazama. Ni kweli. Ilikuwa swichi ya kutelezesha, ndogo kuliko punje ya mchele, miaka yote iko pale na hakuna mtu ndani ya nyumba aliyewahi kujua kuwa ipo. Ilikuwa wazi tangu siku kompyuta iliponunuliwa. Jioni ile ya huzuni, akifuta zaidi ya anavyofuta siku zote, ndipo akaiona.

Nilifungua mdomo. Nina mdomo, kila mtu anajua. Nikamwona alivyokaa, kitambaa mkononi, macho ameukodolea ule ukingo.

"Nimemfungia dada yangu," akasema.

Nikaufunga mdomo wangu. "Ifungue, Mama," nikamwambia. "Kwa ukucha huo huo."

Akaisukuma. Rangi ya kijani ikachungulia, na kijitaa chenye mnara kikawaka. Nikafunua kompyuta, nikabonyeza hotspoti, safari hii ikawaka papo hapo bila hata kile kiduara. Simu yangu ikaanza kutetemeka mfukoni, ujumbe baada ya ujumbe, wa kwanza ukiwa wa mume wangu: "Naapa kwa jina la mama yangu sijagusa." Huyo ningemwomba radhi baadaye.

Tukaingia chumbani kwake, tukafunga mlango, tukafunga na dirisha. Nilitaka kutoka niwaachie nafasi, akanishika mkono wa blauzi. "Kaa," akasema. Nikakaa sakafuni, mgongo ukutani.

Kule wakapokea haraka. Bado hawakuwa wamemchukua. Chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia mashine za hospitali zikilia taratibu, na juu ya hizo, kama karatasi inayoburuzwa mezani, sauti ya Mama Mkubwa.

"Mdogo wangu."

"Dada. Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mlikuwa wapi?"

"Ilikuwa imezimika," Mama Taipu akasema, kisha akasema yote. "Niliizima mwenyewe. Jana, nikifuta vumbi. Niliona kitu kimebaki wazi, nikakifunga. Nisamehe, dada."

Upande wa pili mabega ya Mama Mkubwa yakaanza kutikisika. Nikaogopa. Kumbe alikuwa anacheka, kicheko kisicho na sauti kabisa. Akainua mkono wake wenye bomba la dawa, akaweka ukucha kwenye kioo cha simu, akaukandamiza. Kwetu kidole kilionekana kikubwa, kimejaza kioo chote. Mama Taipu akacheka na kulia kwa pamoja.

"Sikiliza," akanong'ona Mama Mkubwa. "Kuanzia kesho tunabadilishana viti. Mimi nachapa. Wewe unasoma."

"Mimi sina sauti, dada. Unajua."

"Hata mimi sina."

Wakacheka tena, mmoja kwa sauti ndogo, mmoja bila sauti. Wakaongea mambo ambayo sitayaandika, si kwa kuwa ni siri, ila ni ya watoto wawili waliolala kitanda kimoja, na nusu yake sikuielewa. Mengine yalikuwa ya mbuzi mmoja aliyekula kitabu cha shule. Mama Mkubwa akawa anaacha nafasi ndefu kati ya neno na neno, na mdogo wake hakumharakisha wala hakumalizia maneno yake. Alikuwa amezoea kuchapa akisomewa, anajua kungoja.

Kisha tukasikia magurudumu. Binti yake akasema, "Mama, wamekuja." Picha ikayumba, ikaonyesha dari, ikarudi usoni kwake.

"Haya," akasema Mama Mkubwa. Akavuta pumzi, akakusanya kilichobaki. "Ukimaliza kulia, kaifunike kompyuta yako."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwa sauti. Kitanda kikasukumwa. Mama Taipu, ambaye haachi kitu wazi, hakuweza kukata simu. Aliendelea kuishika mbele ya uso wake, tukatazama ukuta mweupe wa hospitali, hadi binti yake huko alipokumbuka na kuifunga.

Jioni habari zikaja kwamba ametoka salama na amelala. Nilimpikia mume wangu vizuri, nikamwomba radhi kwa kifupi, akajifanya hajasikia ili nirudie, sikurudia. Nilipopita sebuleni kuzima taa niliona kompyuta imekaa vilevile, kifuniko wazi, kitambaa cha maua kiko ndani ya droo, na kule mbele kijitaa chenye mnara kinawaka. Sikugusa kitu.

Siku nzima ya Alhamisi hakukuwa na neno zaidi ya "anaendelea vizuri". Ijumaa asubuhi Mama Taipu alikuwa mezani akimchapia mteja barua ya kuomba uhamisho. Mteja, mwanamume mwenye begi la mgongoni, alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango. Nami nilikuwa najiandaa kwenda saluni. Simu ya Mama ikalia mara moja. Akaitazama, akavua miwani, akaivaa tena.

Ulikuwa ujumbe kutoka kwa Mama Mkubwa mwenyewe. Mama Taipu akausoma kimya, midomo ikisogea. Nikadhani ataniita anionyeshe. Badala yake akasukuma kiti nyuma, akasimama, akanyoosha gauni, akaishika simu mbele yake kwa mikono miwili.

"Tangazo," akasema.

Sikuwahi kuisikia sauti ile ndani ya nyumba yetu. Ilitoka chini kabisa, ikapanda, ikajaza sebule hadi nyufa za dirisha.

"Wasafiri na wanaopokea wasafiri, tunaomba usikivu wenu. Treni iliyoondoka Jumatano mchana imefika salama. Abiria ni mmoja. Amechoka, ana kiu, na shingo inamuuma, lakini mizigo yake yote anayo isipokuwa mmoja. Leo ni Ijumaa. Ndugu wa abiria anaombwa asilie. Ahsanteni."

Mteja alikuwa amesimama wima, begi ameshalitia begani. Akatutazama, akaona aibu, akakaa.

Nikamsogelea Mama. Machozi yalikuwa yanamtiririka, na tangazo lilikuwa limekataza hilo hasa. Akanigeuzia simu nisome mwenyewe. Nikasoma hadi karibu na mwisho, nikaona. Mama Mkubwa alikuwa amelala muda mrefu, dawa kichwani, na siku zimempotea. Alikuwa ameandika: "Leo ni Alhamisi."

Na mdogo wake alisoma Ijumaa bila kusita.

"Toa simu yako," akaniambia. Sauti ilikuwa imerudi kuwa ndogo kama siku zote. Akailaza ya kwake mezani, akaweka ukucha chini ya neno Alhamisi, akaukandamiza kwenye kioo. "Nipigie picha. Mtumie dada."

Nikapiga, nikatuma. Mteja akauliza kwa adabu kama barua yake iko tayari, Mama Taipu akamwambia bado mistari michache, akarudi kwenye kiti na kuanza kupigilia vitufe vyake. Nilikuwa mlangoni nimeshavaa viatu wakati jibu lilipoingia, kutoka kwa binti yake.

"Mmemtumia nini Mama? Anacheka hadi nesi amekuja kumkataza."